Nguruwe kubaki nje majira ya baridi
Ndugu, umeuliza kama nguruwe wakubwa wanaweza kubaki nje huko Minnesota mpaka theluji iishe. Wanaweza, ilimradi wawe wakavu na wakingwe na upepo, kwa kuwa unyevunyevu na upepo huwadhuru kuliko baridi yenyewe. Banda la mabati lenye kuta tatu linatosha, mlango ukiupa kisogo upepo wa kaskazini-magharibi. Usilizibe kabisa, maana mvuke wa pumzi zao huganda kwenye mabati, kisha ukawadondokea. Jaza mabua makavu ya ngano, kwa kina cha kuwawezesha kujifukia hadi yaonekane masikio tu, na uongeze mengine kila yanapolowa. Chakula nacho kiongezwe, kwani sehemu yake huishia kutunza joto la mwili. Kinachochosha kweli ni maji: huganda upesi, na nguruwe asiyekunywa hupunguza kula, kwa hiyo wapelekee ya vuguvugu angalau mara mbili kwa siku. Majike wanaokaribia kuzaa, kwa maoni yangu, waingizwe ndani bila mjadala, kwa sababu mtoto mchanga wa nguruwe huhitaji joto la nyuzi 30 hadi 34 za Selsiasi.