LangGraph Studio kwenye laptopu ya ram 8, nilivyofanya mimi huku Mtwara

Mkuu wa Nachingwea, umeuliza kwa nini ejenti wako, yani programu ya AI inayoamua yenyewe hatua za kufuata, anazunguka tu anaita zana ile ile (kodi ndogo unayompa afanyie kazi, kama ya hesabu) bila kutoa jibu, na umesema LangGraph Studio, ile ya kumwona ejenti wa LangGraph anavyofanya kazi hatua kwa hatua, umeiona kwenye video ila unadhani mpaka uwe na Mac. Ya mwanzo kabisa mwaka 2024 kweli ilikuwa programu ya Mac na ilitaka Docker (programu nzito ya kuendeshea programu nyingine ndani ya makasha yake), ila siku hizi inafunguka kwenye brauza, mimi naitumia kwenye Windows hapa Chikongola.

Docker achana nayo kwanza, itakula bando na laptopu itapumua kwa shida. Hakikisha una Python 3.11 kwenda juu, mimi nilikuwa na 3.10 nikapoteza jioni nzima. Halafu kwenye teminali andika pip install -U "langgraph-cli[inmem]", na hiyo inmem usiiache maana ndiyo inayokupa seva ya majaribio isiyohitaji Docker. Folda yako iwe na faili la langgraph.json lenye dependencies, graphs inayoonyesha grafu yako, yani mpangilio wa hatua za ejenti, iko faili gani na inaitwaje, na env inayoelekeza kwenye .env ambako funguo zako za siri (API key) zinakaa. Utahitaji pia akaunti ya LangSmith, tovuti ya wenye LangGraph ambako Studio inafungukia, nayo ni bure. Ukiandika langgraph dev seva inawaka kwenye poti 2024 na brauza inafunguka yenyewe, unaona nodi zako, yani hatua moja moja za ejenti, zimechorwa na mishale yake.

Sasa hilo la kuzunguka. Mimi nilikuwa namtengenezea karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ejenti wa kupiga hesabu za korosho, yani mkulima kaleta kilo kadhaa, bei ya mnada ni kadhaa, toa makato, mwambie anapata shilingi ngapi. Kilo 85, kilo 340, zinapita vizuri. Karani akiandika 1,250 balaa linaanza, ejenti anaita zana ya hesabu, anarudi, anaita tena, mpaka kikomo cha hatua kinamkata. Siku nne nzima nahangaika na maelekezo ninayompa ejenti (prompt), nikabadilisha modeli mara mbili, hela ya tokeni inakwenda, na karani ananipigia msimu ndo huo umeanza.

Nilipofungua Studio nikaenda nodi moja moja nikaona kila kitu kilichoingia na kilichotoka. Modeli haikuwa na kosa lolote! Ilipeleka "1,250" na mkato wake kama karani alivyoandika, zana yangu ikashindwa kuigeuza namba, na kwa sababu nilikuwa nimeandika hitilafu ikitokea irudishe maandishi matupu, modeli ikapokea utupu, ikaomba tena. Pale pale kwenye hatua ile nikahariri, nikafuta ule mkato, nikaiendesha kuanzia hapo bila kurudia mazungumzo toka mwanzo, ikapita. Yani nilijua ugonjwa kabla sijagusa faili hata moja. Nikarekebisha zana iondoe mkato, na ikishindwa irudishe maneno "kilo hazisomeki, muulize karani". Ukisevu faili seva inajiwasha upya yenyewe.

Kwa hiyo wewe usianze na maelekezo kama mimi, anza na nodi ya zana, angalia inarudisha nini hasa. Na kama ejenti wako anatuma meseji kwa wakulima weka kituo kabla ya nodi hiyo, asimame usome kwanza, maana mkulima akishaambiwa kiasi kisicho sahihi kumrudisha ni kazi.

Kitu kingine ambacho wengi wanakipita, weka LANGSMITH_TRACING=false kwenye .env kama unajaribu na data ya kweli, la sivyo kumbukumbu za mazungumzo zinaweza kwenda kwenye seva za LangSmith huko, na majina ya wakulima na mauzo yao si mali yetu kuyasambaza. Mimi siku hizi najaribu na majina ya kubuni tu.

langgraph.json ikigoma ibandike hapa tuiangalie, ila .env usiibandike kabisa.