Maswali ya Wasomaji: Fedha ya Korosho Huishia Wapi?

Barua tatu tunazozijibu katika toleo hili zimetoka Newala, Lindi mjini na Masasi. Zote zinauliza namna ya kupunguza matumizi ya nyumbani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hali inayoelezwa humo naikuta katika nyumba nyingi za mikoa yetu ya Kusini.

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Newala. Mume wangu ana shamba la mikorosho, na fedha yetu ya mwaka huingia kati ya Novemba na Januari kupitia chama cha msingi. Kila mwaka, ikifika Mei, tumeshaishiwa. Tunakopa unga, mafuta na sabuni dukani, na miaka miwili mfululizo mume wangu ameuza sehemu ya korosho kwa kangomba kabla hazijaokotwa. Mwaka huu nimeamua kubana. Nimeacha kununua sukari, nimepunguza samaki, na watoto sasa wanakula mara mbili, mchana na usiku. Hata hivyo deni la dukani liko palepale. Nipunguze nini tena?

JIBU: Mama, naanza na jambo lisilohitaji hesabu. Kuanzia kesho, tafadhali warudishie watoto uji wa asubuhi. Kikombe cha uji wa mtama au mahindi, chenye karanga kidogo zilizosagwa, ni matumizi madogo sana katika nyumba yako, na mtoto anayekaa darasani hadi mchana bila kitu tumboni analipia akiba hiyo kwa mwili wake. Sababu ya deni kubaki palepale ni kwamba umebana mahali ambapo fedha haikuwa ikivujia. Sahani ya mtoto iwe ya mwisho kabisa kuguswa. Tutafute kwanza matumizi yasiyomlisha mtu yeyote.

La kwanza na kubwa ni kangomba. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, hii ni kuuza korosho kwa mnunuzi wa mtaani nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa bei anayoipanga yeye. Serikali imeikataza, lakini njaa ya Julai haisomi matangazo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mume wako aliuza kilo 100 kwa shilingi 1,200 kila moja, akapokea 120,000, na baadaye mnada ukamlipa jirani yake shilingi 2,400 kwa kilo baada ya makato. Ile 120,000 ya Julai imemgharimu 120,000 nyingine ifikapo Novemba, yaani amekopa kwa riba ya asilimia 100 ndani ya miezi minne. Ukiacha sukari na samaki mwaka mzima, bado utapata taabu kuziba pengo hilo. Ndiyo maana swali lako ningeligeuza liwe hivi: nyumba yenu inahitaji kiasi gani mwezi wa Mei, Juni na Julai ili kangomba isigonge hodi?

Hesabu hiyo ifanyeni siku fedha inapoingia benki, na ifanyeni wawili, wewe na mume wako, mkiwa na daftari mbele yenu. Ninakuomba usiianze kwa lawama, maana mwanamume aliyeuza korosho kwa bei ya hasara kwa kawaida alifanya hivyo ili nyumba ipate kula, na anaijua hasara hiyo kuliko mtu yeyote. Andikeni miezi 12 kwa mstari. Pangeni bajeti kwa bei ya msimu mbaya, kwa kuwa bei ya korosho haitabiriki. Mwaka 2018 serikali iliingia yenyewe kununua kwa shilingi 3,300, na msimu wa 2024/2025 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, lakini kati ya miaka hiyo kulikuwa na misimu ambayo mkulima aliona nusu tu ya kiasi hicho. Nyumba iliyozoea maisha ya bei ya juu hujikuta haina breki bei inaposhuka.

Katika mstari huo wa miezi mtaona jambo linaloumiza sana watu wa huku. Fedha yetu huja wakati nafaka ni ghali, na nafaka huwa rahisi wakati hatuna fedha. Malipo ya korosho yanaingia Novemba hadi Januari, wakati ghala za mahindi zimekwisha na bei inapanda kuelekea masika. Mahindi mapya yanavunwa kuanzia Mei na Juni, mbaazi zinafuata baada ya hapo, na ndipo mifuko yetu inapokuwa mitupu. Kwa hiyo mwenye korosho anayenunua chakula cha mwaka mzima Desemba ananunua kwa bei mbaya, na asiyetenga kitu anakopa kilo mojamoja Juni wakati jirani anauza debe kwa bei nafuu. Tengeni fungu la fedha ambalo kazi yake ni moja tu, kununua magunia ya mahindi na debe za mbaazi na kunde kati ya Juni na Agosti. Fungu hilo likae kwenye akaunti au kikoba chenye masharti, kwa sababu kibubu kilichoko chini ya kitanda hufunguliwa na kila mgonjwa na kila mgeni.

Chakula kikishanunuliwa kilindwe. Bibi yangu, Mikindani, alining'iniza mbegu za mtama juu ya meko ili moshi uzuie wadudu, na kwa mbegu chache njia ile inafaa hadi leo. Kwa magunia kuna mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na mfuko wa kawaida nje. Ikijazwa nafaka iliyokauka vizuri na kufungwa barabara, hewa huisha ndani na dumuzi hufa bila dawa yoyote. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiroba cha kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja, ikiwa hamtaitoboa.

Sasa twende dukani. Unaponunua mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo na chumvi ya kipande cha nailoni, unalipia pia kazi ya kupima na faida ya kila mkono uliokigusa kitu hicho. Kwa wiki mbili andika kila ulichonunua na bei yake, hata kiberiti. Kisha chukua vitu vitatu tu vinavyojirudia zaidi, jumlisha fedha iliyotumika, na uulize bei ya chupa, mfuko au katoni nzima sokoni. Usijaribu kuhamia kwenye jumla kwa kila kitu kwa pamoja, kwa kuwa mtaji hautoshi; anza na kimoja, faida yake inunue cha pili. Mkiwa majirani watatu mnaoaminiana, mnaweza kununua dumu la mafuta na kugawana siku hiyohiyo. Sabuni ya mche ikatwe vipande na kuanikwa kivulini siku kadhaa kabla ya kutumika, kwa sababu ikiwa mbichi huyeyuka upesi mno kwenye beseni. Deni la sasa la dukani lilipeni kidogokidogo kwa kiasi mlichokubaliana na mwenye duka, na wakati huohuo acheni kuandikisha jipya, hata kama mboga ya siku hiyo itakuwa kisamvu tu.

Kuhusu moto, mbaazi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi kuliko yaliyopikwa makavu, sufuria ikifunikwa, matumizi ya mkaa hupungua, na mkaa uliobaki ukizimwa kwa kufunikwa hutumika tena kesho yake. Hayo unayajua. Ninayarudia kwa sababu nimeona nyumba nyingi mkaa ukiendelea kuwaka jikoni saa nzima baada ya ugali kuepuliwa, na hakuna anayeuona kuwa ni fedha.

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha. Muhogo na makopa, yaani muhogo uliokaushwa, vimeiokoa mikoa yetu katika miaka mingi ya shida, lakini usifupishe matayarisho ya muhogo mchungu kwa kukimbizana na njaa. Mwaka ambao chakula ni haba na watu wanausaga kabla haujakaa siku za kutosha ndio mwaka ambao sumu yake hubaki kwenye unga. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu kwa ghafla na usiopona, umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara kwa sababu hiyo. Ugali wa muhogo pia una upungufu wa protini, kwa hiyo uandamane na mbaazi za nazi, kunde, dagaa au kisamvu cha karanga. Samaki uliowapunguza si lazima warudi wote; ng'onda (samaki mkavu) mmoja aliyechambuliwa ndani ya mchuzi wa mbaazi huwatosha watoto wanne.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana mpangaji hapa Lindi mjini. Tunatumia mita moja ya LUKU wapangaji wanne. Tukichanga shilingi 10,000 umeme unaisha kabla ya wiki, na mwanzo wa mwezi uniti zinakuwa pungufu zaidi. Wenzangu wananilaumu mimi kwa sababu nalala na feni. Ni kweli feni ndiyo inayomaliza?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, na ukishajua hilo unaweza kuhukumu kesi hii mwenyewe. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane usiku kucha hutumia takriban nusu uniti. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage kwa saa mbili hutumia hadi uniti tatu, sawa na feni yako kwa usiku sita. Pasi ya wati 1,000, ikiwa na moto muda wote, hula uniti nzima kwa saa. Taa ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano hutumia theluthi ya uniti karibu, ilhali ya LED ya wati 9 kwa muda huohuo haifiki hata sehemu ya ishirini ya uniti. Kwa joto la Lindi, lala na feni yako kwa amani, na wewe na wenzako mwangalieni mwenye koili na mwenye hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Anayependa kupika kwa umeme anunue jiko la presha la umeme, ambalo hupika maharage kwa chini ya uniti moja.

Kuhusu mwanzo wa mwezi, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na makato hayo hutokea mnaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Nendeni kwake kwa heshima mkiwa na risiti, mumwombe aipunguze kwenye kodi ya chumba. Wenye nyumba wengi hukubali wakielezwa kwa utulivu. Jambo la pili ni kwamba mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa umeme kwa bei ya chini sana kuliko wengine. Wapangaji wanne kwenye mita moja hukivuka kiwango hicho kwa urahisi, na wote mnaishia kulipa bei ya juu. Kama mwenye nyumba atakubali mita ya pili, gharama ya kuiweka huenda ikarudi mapema kuliko mnavyofikiri, hasa kwa vyumba visivyo na friji.

SWALI: Mshauri, binti yangu atatoka unyago Desemba hii, hapa Masasi. Ndugu wanataka ngoma ya siku mbili, sare za kanga na pilau ya kutosha mtaa mzima. Nimeshauriwa nichukue mkopo wa haraka. Sitaki kumwaibisha mtoto, lakini naogopa.

JIBU: Dada yangu, woga wako una sababu, uusikilize. Mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu haifai kwa sherehe, kwa sababu pilau huliwa siku moja na marejesho hudaiwa kila wiki. Zaidi ya hayo, baada ya Desemba inakuja Januari. Ada imefutwa katika shule za serikali tangu 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye hadi cha sita, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Toa kwanza fedha ya shule ya binti huyohuyo, uikabidhi kwa mtu unayemwamini, ndipo uhesabu kilichobaki.

Kiasi kilichobaki ukitaje waziwazi mbele ya wazee na somo wake, yule anayemfunda unyagoni. Nimehudhuria unyago mwingi, na sijaona wazee wakimdharau mzazi aliyesema mapema alichonacho. Wanaodharauliwa ni wale walioahidi na kushindwa. Ngoma ya usiku mmoja inatosha. Anayetaka mchango wake uonekane aombwe mchele, nazi, kuku au kuni badala ya fedha, na kanga za sare ziwe kwa somo na bibi wawili pekee, wengine wavae walizonazo. Mafunzo anayopewa binti ndani hayahitaji hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya pilau ya nje.