CREW sio ya madalali tu

Dada, aliyekwambia CREW ni chama cha madalali wa kike tu amekudanganya. CREW kirefu chake Commercial Real Estate Women, yaani mtandao wa wanawake wa majengo ya biashara, ilianza 1989 Marekani, na wanaingia mawakili, wathamini, wasanifu majengo, watu wa benki wanaokopesha miradi, ilimradi kazi yako iguse majengo ya biashara, maofisi, maghala, moli, sio kutembeza watu kuangalia vyumba Sinza 😂 Mi ni mthamini hapa Posta, bosi wangu wa zamani alikua memba tawi la Toronto, Kanada, anasema lanchi yao ya kwanza tu alikaa katikati ya wakili na mama wa benki, akaondoka na kazi ya kuthamini ghala. Ila vigezo na ada kila tawi lina vyake, na wanaume nao wanaruhusiwa kujiunga.