Picha ya bundi akiruka: acha kuuliza kamera, muangalie ndege

Juzi mdau mmoja kaniandikia, kaona picha yangu ya bundi mabawa yamefunguka yote, anauliza eti natumia kamera gani. Ndugu zangu, mnaniuliza swali hilo hilo kila siku wakati kazi kubwa ni kumjua ndege.

Ile niliipiga Kgalagadi, hifadhi iliyokaa mpakani mwa Botswana na Afrika Kusini, ndani ya Kalahari, na naringa nayo sifichi. Yule ni bundi mdogo wa madoadoa meupe, anatembea hata mchana, kisogoni ana alama mbili nyeusi ukiziona unaapa ni macho, unadhani anakuangalia kumbe kakupa mgongo. Porini kule hushuki kwenye gari, unapigia dirishani, lenzi imelala juu ya kifuko cha mchele na injini umezima, maana gari likitetemeka na picha inatetemeka.

Sasa sikia. Bundi anakuaga kabla hajaruka. Mara nyingi anaanza kujisaidia, ananyoosha bawa, anachezesha kichwa juu chini anapima umbali, maana macho yake hayazunguki, halafu anachuchumaa. Hapo hapo bonyeza na usiachie. Ukingoja mpaka umuone hewani utaambulia mkia. Na ndege anapenda kuruka akiukabili upepo, kwa hiyo paki upepo na jua vyote viwe mgongoni kwako, atakujia uso kwa uso.

Setingi ni shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, 1/2500 ya sekunde au kasi zaidi, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ijipange yenyewe, na fokasi ya kufuatilia, ile inayomwandama ndege anavyosogea, basi. Ila mapema! Jua likishapanda kiasi ule mchanga mwekundu unarudisha mwanga kwa chini, unamuona bundi mpaka kwapani, lakini ikifika saa 4 asubuhi huko joto linapanda kutoka chini, hewa inacheza na manyoya yanatoka yamefifia hata uwe na lenzi ya mamilioni.

Niliporudi Dar nikaprinti moja kubwa nikampelekea baba mdogo Tandika. Akaigeuza ikatazama ukuta, akasema, "Mwanangu, mkosi huo usilale kwangu." Sikujibu, ni mzazi, ila mpaka leo inaniuma. Bundi anakula panya wetu usiku kucha halafu sisi tunampiga mawe tunasema kaleta msiba! Tuache jamani. Na nyie wapiga picha msijione wema, kumrushia panya ili aje, kumchezea sauti ya bundi mwenzie kwenye simu, kumwashia flashi usoni, yote hayo ni kumtesa. Asiporuka leo, mwache akae.

Kama nauli ya Kalahari huna, anza na kunguru, hapa mjini wamejaa kila kona na hakuna atakayekununia. Ni wajanja na wanakata kona ghafla, ukiweza kumshika kunguru kwenye fokasi bundi hatakusumbua, tena ujifunze kumsoma kabla hajaruka, sio kumkimbiza akiwa juu. Ila Feri, pale soko la samaki, usiende na lenzi ndefu, Ikulu iko pale pale utajieleza mpaka jioni. Mi huwa niko Koko Bichi Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, kabla watu hawajajaa, mwenye kamera yoyote ile aje.