Kifaransa changu kilianzia kwenye sufuria

Nilifika Lyon najua kuagiza kahawa na croissant, vitu ambavyo hata sinunui, ila kumwambia mtu jioni napika nini siwezi. Siku moja jikoni hosteli (tunachangia jiko) jirani akaniuliza nafanya nini, mi nikajibu kwa kujiamini kabisa "je cuis", akaenda kufungua dirisha. Kumbe nimemwambia nakufa kwa joto 😂

Sisi "kupika" inabeba kila kitu, chai unapika, wali unapika, maharage unapika. Kwao cuire ni kuiva motoni, mtu akipika ni cuisiner. Ushauri wangu we anza na faire (kufanya) tu: je fais du riz, je fais du thé, na ukiweka kitu motoni kiive ndo je fais cuire les haricots (hapo s ya les usiitamke kabisa, ni "le ariko", wengi tunakosea tunasema "lezariko"). Faire ilinibeba miezi miwili.

Alafu ile "huwa napika" usiitafutie kitenzi cha ajabu, je cuisine inatosha, unaongeza souvent (mara nyingi) au tous les jours (kila siku) baada yake basi. Ukiwa na mwiko mkononi saa hiyo hiyo ndo unasema je suis en train de cuisiner. Ila siku zina mtego. Le dimanche je fais du pilau ni kila jumapili, ukiidondosha hiyo le inakua jumapili hii hii. Mi niliidondosha nikiongea na wenzangu wa darasani, jumapili wakaja wawili na njaa zao na ndani sina hata kitunguu.

Du na de la (za kiasi fulani tu cha kitu) bado zinanipiga chenga. Je mange le riz inasikika kama kuna wali tunaoujua wote na we ndo umeubeba, kwa hiyo sema du riz, de la viande (nyama). Ila ukisema unapenda inarudi le, j'aime le riz, na ukikataa, hizo du na de la zinageuka de: je ne mange pas de porc (sili nguruwe).

Pilipili pia kuwa makini. Poivre ni pilipili manga, poivron ni hoho, ya kuwasha ni piment. Nilienda maduka ya mtaa wa Guillotière nikaomba poivre nikarudi na kapakti ka unga mweusi.

Ugali ndo ulinitesa, nikisema pâte de maïs watu wanaelewa tambi, maana pâtes za kula zinatamkwa vile vile. Jirani mwingine wa Lubumbashi, Kongo (ugali kwao ni bukari) akaniokoa: c'est de la farine de maïs cuite à l'eau, on mange ça avec les mains (ni unga wa mahindi uliopikwa kwa maji, tunakula kwa mikono). Na hiyo on ishike, ndo "sisi" ya mtaani, nous utaikuta zaidi kwenye vitabu.

Mi nilikua najizoeza kwa kujitangazia mwenyewe nikipika, kwa sauti, je coupe les oignons (nakata vitunguu, tamka "onyo"), je fais chauffer l'huile (napasha mafuta), je fais revenir les oignons. Hiyo ya mwisho ni kukaanga kidogo ila neno kwa neno ni kufanya vitunguu virudi, virudi kutoka wapi sijui, ila sijawahi kuisahau. Alafu j'ajoute les tomates (naongeza nyanya), unafunika, unaenda kukaa.