Hela ya umma inatafuta nini humo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hela ya umma itiwe kwenye mradi ambao tajiri naye anavuna faida. Sababu ni hofu ya huyo tajiri. Mwenye hela binafsi hapendi kusubiri miaka 10 mabomba ya maji yamlipe, kwa hiyo hela ya umma hugharamia maandalizi, hutoa dhamana, au hukubali kuumia kwanza hasara ikija. Angalia hatifungani (mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji wengi na kulipwa kwa riba) ya 2024 ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga: shilingi bilioni 53.12, riba 13.5% kwa mwaka, UNCDF, mfuko wa mitaji wa Umoja wa Mataifa, wakasaidia kuiandaa, na imeorodheshwa hapahapa kwetu Soko la Hisa Dar. Mie wa Mbagala, niliyezoea kupanga madumu bombani alfajiri, nauliza moja: riba hiyo itatoka kwenye bili ya nani?