Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 6 juu natembea na mikongojo

SWALI: Yaya, nakusalimia sana. Niko na miaka 34, nashona nguo Katuba, hapa Lubumbashi, polio ililemaza mguu wangu wa kushoto tangu utoto na natembea na mikongojo miwili. Mwezi uliopita komisionere, yule dalali wa nyumba, akanipatia nyumba komini ya Kampemba, vyumba 2 na salon, dola 80 kwa mwezi, tukaongea na mama mwenye parsele, mwenye nyumba, kwa simu vizuri kabisa, garanti (pesa ya dhamana) miezi 3, akasema njoo hata kesho. Nikafika. Alikuwa ametoka kupakaza rangi nyekundu kwenye simenti ya baraza, nikapanda ngazi zake mbili, naye akawa anaangalia tu zile alama za duara ambazo mipira ya mikongojo inaacha chini, usoni hakuniangalia. Akasema nyumba imeshachukuliwa. Jioni komisionere ananipigia: mama atakubali ukileta miezi 6, juu utamuharibia simenti, na ukianguka chooni ndugu zako watakuja kumsumbua. Dola 480! Mwenzangu wa atelye aliulizia nyumba ileile akaambiwa miezi 3. Nilipe tu? Hii ni nyumba ya nne, nimechoka.
Mshonaji, Katuba

JIBU: Dada yangu, usilipe. Ile ya alama za mikongojo imeniuma, nimeisoma mara mbili.

Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya nyumba za kupanga, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Najua hapa Lubumbashi wengi wanaomba zaidi na watu wanalipa kimya, lakini kuomba 6 ni kosa hata kwa mtu ambaye miguu yake yote ni mizima. Tena garanti kazi yake ni nini? Ukiharibu kitu anakata humo, ukitoka bila deni anakurudishia. Sasa woga wake wa simenti si umeshalipiwa na ile miezi 3?

Na kukupandishia wewe peke yako, mwenzako anaachiwa 3, huo ni ubaguzi, tuuite kwa jina lake. Katiba ya 2006 kifungu cha 49 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kipekee, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria nzima ya kulinda haki zenu, nambari 22/003.

Siwezi kukudanganya: kumlazimisha mtu akupangishe wakati hamjasaini kitu ni njia ndefu. Kwa hiyo mi ningeanza hivi. Muulize komisionere kwa WhatsApp, tena kwa upole, kama ni kweli ni miezi 6 na kwa sababu gani, akijibu kwa audio ama kwa maandishi usifute. Halafu nenda servisi ya habitat, ofisi ya mambo ya nyumba, kwenye komini ya Kampemba, si Katuba, juu nyumba iko kule. Wao wanaita pande zote mbili na kupatanisha, ikishindikana ndipo inafika tribunali ya amani, yaani mahakamani. Mara nyingi mwenye nyumba akiona tu ile konvokasyo, barua ya kumuita, anashuka mwenyewe.

Ya choo nayo tusiipite, juu wewe ndiye utakaa pale. Kabla ya kusaini ingia mpaka chooni na mahali pa kuoga, pakiwa pamelowa, uone mikongojo inashika ama inateleza. Kama choo ni cha shimo, seremala anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, na chuma cha kushikia ukutani ni kazi ya nusu siku. Muandike kwenye kontra nani analipa hicho chuma na kama kitabaki siku ukihama.

Na kule habitat usiende peke yako, nenda na yule mwenzako wa atelye aliyeambiwa miezi 3.